Mali Kauli

Afisa wa mikopo alikuwa kijana kama mimi, labda amenizidi mwaka mmoja au miwili. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeajiriwa wapi?"

Nikamwambia nimejiajiri. Naandika. Wateja wangu wawili wako Uingereza, wa tatu yuko Nairobi na hulipa akijisikia. Nilikuwa nimebeba taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili, cheti cha PIN cha KRA, nakala ya kitambulisho na cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi. Nilitaka shilingi 60,000 za laptopu. Yangu ilikuwa imezima Jumanne moja mchana na haikuwaka tena, na bila laptopu mimi si mwandishi, ni mtu mzima tu anayekaa kwa mamake.

Alizipitia karatasi zangu kwa heshima. "Payslipu?" Sina. "Hati ya shamba? Logbuku ya gari?" Sina. Akazikusanya, akazigonga mezani zikae sawa, akanirudishia. "Boss, huu mkopo hauna dhamana. Lakini ni wa watu wa mshahara."

Nilipanda matatu ya kurudi Mtito Andei nikiitafuna hiyo sentensi. Hauna dhamana, lakini lete mshahara. Sasa mshahara si ndio dhamana yenyewe? Sikuwa na hasira na yeye, kusema kweli. Anafuata fomu. Ila kuna swali lilikataa kunitoka kichwani: watu wetu wasio na mshahara walikopa vipi miaka hii yote? Mshahara ni kitu cha juzi tu. Kukopa ni kwa zamani sana.

Mtito Andei unaijua, hata kama hujui unaijua. Ukipanda basi la Nairobi kwenda Mombasa, ni pale karibu nusu ya safari mnaposhuka kukojoa na kununua chai ya bei ya ajabu. Kwa Kikamba ni Mũtĩtũ wa Ndei, msitu wa tai wala mizoga. Upande mmoja wa mji kuna lango la mbuga ya Tsavo Magharibi, na katikati ya mji kuna barabara, na barabara ndiyo iliyotulea.

Mwaitu alikuwa na kibanda karibu na mahali malori yanapoegeshwa. Muthokoi, chapati, maharagwe, chai. Wateja wake walikuwa madereva na mataniboi, na wengi walikula kwa deni. Dereva akishuka Mombasa hana pesa, pesa iko mbele. Akipanda na mzigo, analipa. Kwa hivyo mwaitu alikuwa na daftari, lile la kurasa 96 la watoto wa shule, na ndani hakuna jina hata moja la kitambulisho. Kuna "Scania nyekundu, 350." Kuna "Buda wa Busia, 200, na chai." Kuna "Taniboi mrefu." Kuna mmoja anaitwa tu "Asante Yesu," kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa lori lake nyuma. Hakuna sahihi. Hakuna namba ya simu. Madaftari kama hayo yako manne chini ya kitanda, na niliporudi kutoka benki niliyatoa nikaanza kuyasoma kama vile wasomi wanavyosoma mafaili ya wakoloni.

Watu wa pwani walikuwa na jina la biashara kama hii. Waliiita mali kauli. Unapewa bidhaa kwa neno lako, unalipa ukishauza. Tanzania bado wanalitumia; muulize yeyote anayechukua mzigo wa nyanya bila kutoa shilingi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Zanzibar na Mombasa kwenda bara ilikuwa imebeba vitambaa, shanga na waya ambazo mara nyingi hazikuwa zimelipiwa. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alipewa mali na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Tippu Tip hakuwa na payslipu. Alikuwa amejiajiri, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya damu na sitaki kuisifu.

Kilichonivutia ni hiki. Tunapenda kuwaza kwamba enzi zile watu waliaminiana tu, neno lilikuwa neno. Lakini Taria Topan hakuwa mjinga wala hakuwa mtu wa sadaka. Kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyeshika forodha ya Zanzibar. Pembe zozote ulizopata huko ndani, ziwe za Manyema au za wapi, lazima zipitie bandarini, na bandarini yuko yeye. Jamaa zako wako mjini wanakoonekana. Jina lako likichafuka, hakuna Mhindi mwingine atakupa hata shanga. Kauli ilikuwa na ukuta nyuma yake. Ukuta wenyewe ulikuwa watu.

Sisi Wakamba tuliijua biashara hiyo mapema. Kivoi wa Kitui, aliyemkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani, na hiyo ni kabla ya misafara ya pwani kuichukua njia. Lakini mkopo ninaotaka kuusimulia kutoka Ukambani si wa matajiri.

Mwaka 1898 mvua ilikataa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka mapema katika muongo huo. Ndui nayo ikaja. Wazee waliiita njaa hiyo Ngomanisye, ile iliyofika kila mahali, na kila njaa ya Ukambani ina jina, kama watoto. Familia zilizobaki bila kitu zilienda kwa Wakikuyu nyanda za juu ambako chakula kilikuwepo kidogo, na kwa kuwa hazikuwa na mifugo ya kutoa, ziliweka rehani binti zao na wake zao. Msichana anaachwa kwa familia ya watu wengine, baba anarudi na chakula, na makubaliano ni kwamba mvua ikinyesha na mbuzi wakizaana atamkomboa. Baadhi walikombolewa. Wengine hawakurudi, waliolewa hukohuko, na wajukuu wao leo hawajui.

Ilikuwa mwaka huohuo ambapo reli ya Uganda ilikuwa inavuka Tsavo, na vitabu vyote vinakumbuka wale simba wawili waliokula wafanyakazi. Kuna hata filamu. Wasichana wa rehani hawana filamu.

Niliposoma habari hizo niliacha kusoma siku mbili. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Wakoloni walipokaa sawasawa, walileta sheria. Mwaka 1926 Kenya ilipata sheria ya kudhibiti mikopo kwa "wenyeji." Haikukataza Mwafrika kukopa. Ilifanya ujanja zaidi: mdai asiye Mwafrika hakuweza kwenda kortini kudai zaidi ya shilingi 200 kutoka kwa Mwafrika, isipokuwa mkopo wenyewe uliidhinishwa na serikali. Walisema wanatulinda na madeni. Labda kuna ofisa aliyeamini hivyo kwa moyo wake wote. Lakini jiweke kwa viatu vya Mhindi mwenye duka la jumla kando ya reli. Mkamba anakuja, anataka kufungua kibanda, anataka mzigo wa shilingi 500 wa chumvi, sukari na vitambaa. Unamjua, unamwamini, ulimpa mwaka jana akalipa. Sasa akikataa kulipa, huna pa kwenda. Utampa ya 200. Na ya 200 haifungui duka, inafungua meza. Kiwango hicho kilidumu miaka mingi, hadi uhuru ulipokuwa mlangoni. Mtu akikuuliza mbona maduka ya mijini hayakuwa yetu mwaka 1963, usianze na hadithi za uvivu.

Na akiba nayo? Akiba ya Mkamba ilikuwa na miguu minne. Mwaka 1938 serikali ilisema mifugo ya Machakos imezidi, inaharibu udongo, ikaanza kuikamata na kuiuza kwa lazima. Watu walitembea hadi Nairobi, maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Mwishowe serikali ililegeza kamba. Kila ninapopita ile barabara yake pale Nairobi, karibu na City Market, namfikiria kama mtu aliyeandamana kwa sababu ya akaunti ya benki.

Kisha zikaja hati. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulisema Mwafrika apimiwe shamba, apewe hati, na hati hiyo ndiyo ataipeleka benki. Kuanzia hapo neno dhamana likawa na maana ya karatasi. Kwa mwenye shamba zuri kule juu, sawa. Huku kwetu nchi ni kame na mpaka wa mbuga uko hapo. Kuna hifadhi jirani inaitwa Ngai Ndethya, Mungu nisaidie, nafikiri hilo linatosha kukueleza hali ya mashamba.

Narukia miaka ya themanini. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya wakaandika ripoti iliyowaambia wakubwa kitu ambacho kila mama wa sokoni alikijua: watu wengi mijini hawajaajiriwa na yeyote na wanafanya kazi kutwa. Jua kali. Lakini benki hazikubadilika kwa ripoti. Kilichobadilisha mambo kidogo ni wazo lililotoka Bangladesh kwa Muhammad Yunus, na hapa likaletwa na K-Rep, shirika lililoanza 1984. Mwaka 1989 walianzisha mpango wa Juhudi, Kibera. Huna shamba? Tafuta wenzako wanne. Kikundi kiliitwa watano. Mmoja asipolipa, wanne wanambeba. Ilifanya kazi vizuri sana kwa malipo, na mtu akiuliza kwa nini, jibu si siri. Hakuna anayetaka kukutana na jirani yake choo cha pamoja asubuhi akiwa amemla pesa.

Watano ni mpango mzuri na niliwahi kuona ukiokoa watu. Pia niliona, mtaani kwetu, mama akibebewa sufuria na marafiki zake mwenyewe. Dhamana ilikuwa bado ni watu, sasa imepangwa kwa safu.

Halafu simu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, na kwa mara ya kwanza mtu wa kibanda angeweza kukopa usiku wa manane bila kumwona yeyote. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Ukikopa 10,000 unarudisha 10,750, unaona ni kitu kidogo. Ukifanya hivyo kila mwezi mwaka mzima umelipa 9,000 kwa kutumia 10,000 zilezile. Lakini hakuna aliyekuuliza umeajiriwa wapi. Walikuwa wameangalia jinsi unavyonunua kredo na kutuma pesa, wakaamua. Kwa watu kama sisi ilikuwa kama kuonekana mara ya kwanza. Miaka miwili mitatu baadaye apu zikajaa, kila moja na jina tamu.

Hapa ndipo nilipo mimi.

Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Iligharimu mabilioni, sehemu kubwa mkopo kutoka China, na stesheni moja ikajengwa kwetu. Tulishangilia. Mwaka uliofuata makontena yakaanza kupanda treni, na Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote inayoingia ipelekwe kwa reli. Mombasa waliandamana, amri ikasimamishwa, lakini malori yalikuwa yamepungua tayari. Siku moja tu nilirudi likizo nikakuta uwanja wa malori una mbuzi. Serikali ilibadilisha msimamo mwaka 2022, ila biashara ya barabarani ikishahama hairudi siku moja.

Madereva hawakumkataa mwaitu. Hakuna aliyemwambia silipi. Hawakupita tena, basi. Deni la kauli linahitaji mtu apite tena, na barabara ilikuwa ndiyo forodha yake mwaitu. Nimepiga hesabu ya kurasa zisizokatwa mstari: shilingi 41,650. Ndani yake kuna ada yangu ya muhula. Niliacha chuo mwaka huo, mwaka wa pili, na hadi leo nikiulizwa nasema "nilideffer," kana kwamba kuna tarehe ya kurudi.

Mwaka 2020 nilikopa 3,000 kwa apu moja. Kazi hazikuwepo, korona ilikuwa imefunga kila kitu. Nilichelewa siku kumi na tisa. Nilikuwa nimebonyeza "kubali" bila kusoma, nikawapa namba zote zilizo kwenye simu yangu, na siku ya kumi na tisa wakaanza kuzitumia. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alipata meseji. Kasisi alipata. Msichana niliyekuwa namtongoza alipata. Mweka hazina wa chama cha mwaitu alipata, na yake ilisema yeye ni mdhamini wangu na akamatwe asiponiambia nilipe. Mwaitu aliuza kuku wanane. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Uliwapa namba za watu ukiwaambia ni nini yako?"

Sasa unaelewa kwa nini niliposoma habari za Ngomanisye niliacha kusoma siku mbili. Silinganishi. Hakuna binti aliyepelekwa popote kwa sababu yangu. Lakini sikuwa na mbuzi, sikuwa na shamba, na walichokubali kuchukua ni watu wangu. Na mimi ndiye niliyewatoa.

Sheria imefika, kwa kuchelewa kama kawaida. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa apu wasiosimamiwa kupeleka majina CRB, na ikasema deni la chini ya shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Desemba 2021 sheria ilibadilishwa ili wapewe leseni, na kanuni za 2022 zikakataza kupigia watu walio kwenye simu ya mdeni. Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mikopo kuanzia 500 hadi 50,000. Riba hiyo ni ya heshima. Ila unaanza chini unapanda polepole, na laptopu haianzi chini.

Kwa hivyo nilienda chama.

Ni wanawake kumi na wanne. Hukutana Jumapili mchana chini ya mwarobaini, na hukopesha asiye mwanachama akishikwa mkono na mwanachama. Nilikuwa nimejiandaa kama ninaenda benki, na taarifa yangu ya M-Pesa mkononi. Hakuna aliyeitaka. Mama mmoja akasema kwa sauti, bila ubaya, "Si huyu ndiye yule wa meseji?" Kimya. Mweka hazina alikuwepo, anasuka kiondo, hakuinua macho.

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikawaomba msamaha, mmoja mmoja, kitu ambacho sikuwa nimefanya miaka yote hiyo.

Basi wakaanza maswali. Unaamka saa ngapi? Hao Wazungu wakikosa kulipa, unawajua kwao? Mbona uliacha chuo? Laptopu iliharibika vipi, uliimwagia chai? Ilibidi niende nyumbani kuileta. Waliipitisha mapajani kutoka kwa mmoja hadi mwingine, ikiwa imekufa, mmoja akaibisha kidogo kama mlango. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Kule benki ilikuwa dakika saba.

Walinipa 45,000, riba asilimia tano kila mwezi, miezi sita. Si rahisi, ni ghali kuliko benki ingenitoza. Hisa za mwaitu zitashikiliwa hadi nimalize, kwa hivyo nikianguka nanguka naye. Nilimwambia anaweza kukataa. Mweka hazina ndiye aliyejibu, bado anasuka: "Angekataa, tusingekuwa tunaongea na wewe."

Nilipata mtumba wa Uingereza pale Luthuli Avenue kwa 43,000. Ndiyo ninaandikia haya.

Jioni ile niliporudi nayo, mwaitu alikuwa amenunua daftari jipya. Nilidhani ni la kibanda, kwa sababu malori machache yameanza kulala tena. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika jina langu, yote matatu kama yalivyo, pole pole kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika 45,000. Kisha akaniangalia juu ya miwani, mwanamke aliyemkopesha Asante Yesu miaka mitatu bila kumuuliza jina, akaniambia nimtajie namba ya kitambulisho.